Nguruwe wa Kikwembe cha Mama

Siku ile tulikuwako mimi, Nsimire, mtoto wa kwanza; mdogo wangu Riziki, aliyekuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa; na Aganze, kitindamimba wetu, niliyekuwa nimembeba mgongoni. Alikuwako Tonton Déo, kaka yake mama, aliyeshuka kutoka Luhwindja na matope ya machimbo yakiwa bado kwenye viatu vyake. Na alikuwako Tantine Godelive, dada yake baba, mwenye makasi mkononi. Baba hakuwako kwa sababu alitangulia kufa. Mama hakuwako kwa sababu matanga yake ndiyo tuliyoyaondoa asubuhi ile.

Sikupenda kuyakumbuka haya. Ni mkoba ulionirudisha huko. Mimi huuza chakula, nakipeleka ofisini kwa wateja, na juzi nilikuwa nimepeleka sombe, yaani majani ya muhogo, na bugali kwenye ofisi moja ya Nyawera. Mvua ilikuwa imenyesha. Mteja wangu, binti mwenye adabu, alisogeza mkoba wake ili niweke sahani mezani. Ulikuwa ule mkoba wa vikwembe, vile vitenge vya akina mama, uliojazwa pamba katikati na kushonwa mistari ya mshazari mpaka ukawa mnene kama godoro dogo, na mbele yake ameshonewa nguruwe mwenye jicho la kifungo cha shati.

“Maman, shika uone,” aliniambia. “Ni kazi ya mukono. Iko laini!”

Niliushika. Ulikuwa umelowa, na pamba iliyolowa ina harufu yake ambayo sabuni haiiwezi. Nilitoka nje mbio, nikainama juu ya mfereji na kutema mate mpaka kinywa kikakauka. Yule binti alinifuata na glasi ya maji. “Ao uko na mimba, maman?” akaniuliza, akicheka kidogo. Nikamwambia ni uchovu tu.

Ninyi mliokua pamoja nami katika mji huu mnaijua mikoba hiyo. Ilitundikwa kwenye milango ya hoteli za kando ya ziwa, yenye ng'ombe, mbuzi, kuku na bata, na wageni waliinunua kupeleka kwao. Wengi wenu mliiona mizuri. Sitawagombeza kwa hilo. Hamkujua kilichokuwa ndani.

Nyumba yetu ilikuwa ya mbao, Cimpunda, mahali ambapo kilima kinakaribia kukuangukia. Tantine Godelive alifungua sanduku la mama bila kuuliza ufunguo uko wapi. Aliingiza ncha ya makasi, kufuli likalegea. Alitoa kikwembe kimoja kimoja. Kila kimoja alikipeleka puani, akakivuta kwa nguvu kama mtu anayechagua samaki, kisha akakitupa kwenye fungu lake. Kwetu nguo za marehemu hugawanywa baada ya matanga, na shangazi ndiye anayetangulia, kwa hiyo jambo lenyewe halikunishangaza. Nilichongojea ni lile fungu la pili, la watoto. Halikuanza.

“Godelive,” Tonton Déo akasema, “wacha kidogo kwa batoto.”

“Déo, tulitoa ngombe za mahari. Ngombe! Na mbuzi juu yake. Mulisha kusahau, ao ile nyama iliwafunga akili?”

“Ngombe zilitoka ju ya dada yangu. Haiko ju ya nguo zake.”

“Na dada yako iko wapi sasa? Unionyeshe. Hauna kitu ya kunionyesha.” Akakunja kikwembe kingine. “Ngombe zetu zitarudi. Moja moja zitarudi, utaona na macho yako.”

“Hata hauna haya.”

“Haya ni ya benye kushiba.”

Baada ya sanduku aligeukia godoro. Mama alikuwa ameugua muda mrefu juu ya lile godoro la pamba, na lilikuwa limekunywa kila kilichomtoka: jasho, dawa zilizomwagika, mkojo wa siku ambazo hakuweza kusimama. Tulikuwa tumelitoa nje kuliunguza. Tantine alilipasua ganda lake kutoka kichwani hadi miguuni, akaingiza mikono mpaka viwiko, akaanza kuchota pamba na kuishindilia ndani ya gunia. Ilikuwa ya manjano, mahali pengine kahawia, imeshikana mabonge. Tonton Déo aligeuza uso. Gunia lilipojaa, Tantine alichukua sahani ya sambaza, dagaa wa ziwa letu, zilizobaki za matanga, akala kwa mikono ileile. Alilamba kidole kimoja kimoja. Nilitazama ulimi wake ukienda na kurudi, na mpaka leo sili sambaza.

Kilichobaki kilikuwa mgongoni mwangu.

Kilikuwa kikwembe cha kahawia chenye maduara ya manjano. Mama alitubebea sisi wote watatu humo. Karibu na ncha kulikuwa na tundu la kaa la moto, na mama alilishona kwa uzi mwekundu kwa sababu mweupe ulikuwa umekwisha. Kilinuka maziwa, moshi na mawese, yaani kilinuka mama. Tangu afe, Aganze hakulala penginepo ila ndani ya mbeleko hiyo, na alipolala alikuwa ameweka ile ncha yenye uzi mwekundu mdomoni.

“Fungua iyo,” Tantine aliniambia.

“Tantine, mutoto amelala.”

“Ataamuka. Batoto banaamukaka.”

Alifungua fundo mwenyewe kifuani mwangu, Aganze akateleza, nikamdaka kwa mikono nyuma ya kiuno. Tantine alinirushia taulo. Aganze alilia hata Tonton Déo alipoaga, hata mvua ilipoanza na kwisha. Tonton aliniwekea mkono kichwani, akasema nikaze roho, akarudi kwenye mashimo yake, na hatukumwona tena kwa muda mrefu.

Tantine alihamia kwetu. Alisema mtoto mwenye mtoto mgongoni hasomi, na hivyo shule yangu ikaisha, bila ugomvi. Kila asubuhi nilimfuata kwenye chumba kirefu kilichokuwa nyuma ya kanisa, ambako akina mama wa kikundi chao cha ushonaji walikaa kwenye mabenchi wakitengeneza mikoba. Wengine walikata, wengine walipanga kitambaa juu, pamba katikati, kitambaa chini, na kupitisha sindano mistari-mistari. Wengine walikata wanyama na kuwashonea mbele. Palikuwa na kelele za kupendeza mle ndani, hilo lazima nilikubali.

“Julienne, hii ngombe yako inafanana na mama mukwe wangu.”

“Basi kamua uone kama haitatoa matusi!”

Kazi yangu ilikuwa kuchambua pamba. Nilikaa chini kwenye kona, Aganze mgongoni ndani ya taulo, na kuyafungua mabonge kwa vidole mpaka yawe kama mawingu. Yalikuwa ya godoro letu. Niliyajua. Vumbi lake liliingia puani, na nilipopenga kamasi zilitoka za kahawia. Mabonge mengine yalikuwa na ugumu wa kitu kilichokauka ndani, na hayo niliyafungua nimefumba macho. Mkoba ukikamilika, Tantine aliunyunyizia pudra ya watoto, akaupigapiga kama mgongo wa mtoto mchanga. “Bazungu banapenda harufu ya mutoto,” alisema.

Mtaniuliza kwa nini nilivumilia bila neno. Nilivumilia kwa sababu nilikuwa nimeelewa jambo, au nilidhani nimeelewa. Tantine alikuwa amesema mbele ya Tonton Déo kwamba ng'ombe wao watarudi mmoja mmoja. Sasa niliwaona kwa macho yangu: ng'ombe wanatoka kwenye vikwembe vya mama, mmoja leo, wawili kesho, na mbuzi juu yake. Nilijua mwanamke akigombana na mumewe, wazee hukaa, ng'ombe wa mahari hurudishwa, na yule mwanamke hurudi kwao na furushi lake kichwani. Nilikuwa nimeona hivyo kwa jirani. Basi nikaona ndiyo kazi ya chumba kile. Upande wa baba wanajitengenezea ng'ombe wao kutoka nguo za mama, na siku hesabu itakapotimia, mama hatakuwa wao tena. Atarudi kwao. Namna gani mtu aliyezikwa anarudi, hilo sikulichunguza. Watoto huacha wazee wajue sehemu hiyo. Kuku niliwaelewa pia, nikasema hao ni wa bibi. Bata walinisumbua kidogo, lakini nikawaweka pamoja na kuku.

Kwa hiyo nilichambua kwa bidii. Akina mama walinisifu. “Huyu mutoto anajua kazi,” walisema, na Tantine alijibu, “Iko damu yetu.”

Aliyekuwa akidhoofika ni Aganze. Hakulala kwenye taulo. Alisinzia kidogo, akashtuka, akatafuta kwa mdomo, hakupata, akalia. Kisha akaanza kukataa uji. Nilimwekea kijiko, aliutoa kwa ulimi polepole, bila hasira, kama mtu anayerudisha kitu kisicho chake. Mashavu yalimshuka. Ngozi ya mapaja yake ilianza kujikunja. Riziki aliniuliza kama Aganze anakuwa muzee. Nikampiga kofi, kisha nikalia naye.

“Tantine, nipe kikwembe ya mama,” nilimwambia asubuhi moja. “Mutoto atakufa.”

“Iko mu armoire ya kikundi. Niliifua. Nikipata ufunguo nitakupa.”

Nilimwamini, kabati lile lilikuwa na kufuli kweli. Mbeleko haikuwa na kazi katika hesabu ya ng'ombe, niliwaza. Ng'ombe wengi walikuwa wamekwisha kutoka kwenye nguo nyingine.

Ndipo wageni wakaja. Chumba kilifagiliwa, mikoba ikapangwa juu ya meza ndefu, akina mama wakavaa vizuri. Mimi niliambiwa nikae mlangoni na Aganze kwa sababu wageni wanapenda kuona watoto. Mgeni mmoja mwanamke, mwekundu shingoni kwa jua, alipita akiinua mkoba mmoja mmoja na kuunusa, akitabasamu. Aliunusa mkojo wa mama yangu na kutabasamu. Kisha akainua mmoja wa mwisho na kuupigia mayowe ya furaha, akaugeuza kwetu ili wote tuuone.

Mbele yake palikuwa na nguruwe. Nguruwe mnono wa kahawia mwenye maduara ya manjano, na juu ya sikio lake, mshono wa uzi mwekundu.

Mwanzoni sikuhuzunika hata kidogo. Nilitafuta mahali pa kumweka. Ng'ombe nilikuwa na mahali pake, mbuzi na kuku pia. Nguruwe hakuwa na mahali. Hakuna mtu kwetu anayetoa nguruwe kwa mahari. Ukimpeleka nguruwe kwa wakwe watakutoa na nguruwe wako. Nilisimama pale nikigeuza hesabu kichwani, na hesabu yote ikaanguka. Hawakuwa ng'ombe wetu wala wa Tantine. Walikuwa vitambaa. Hapakuwa na mtu aliyekuwa anarudi kwao.

Aganze aliuona mkoba naye. Au aliunusa, sijui, chini ya ile pudra yote. Alijinyoosha kutoka kwenye taulo kwa mikono miwili. Mgeni akacheka, akamsogezea. Aganze akalikamata sikio la nguruwe, akaliingiza mdomoni, akanyonya. Alinyonya kwa macho yaliyofumbwa, akihema kwa pua, na mwili wake wote ulilegea mgongoni mwangu kwa mara ya kwanza tangu siku ya makasi. Watu wakapiga picha.

“Angalia, mutoto anapenda nguruwe!” Tantine akasema, na chumba kizima kikacheka.

“Tantine, ni kikwembe ya mama,” nilisema. “Ulisema iko mu armoire.”

“Nyamaza mbele ya bageni.”

Aliupokonya mkoba. Sikio lilitoka mdomoni mwa Aganze na mate marefu. Mgeni alikunja uso kidogo, akatoa kitambaa kilicholowa kutoka mfukoni mwake, akalifuta lile sikio vizuri, nyuma na mbele, akanusa tena, akaridhika. Alimpa Tantine alichompa, akaenda na mkoba begani. Nguruwe alinitazama kwa kifungo chake mpaka walipokata kona.

Nilitapika pale mlangoni. Tantine alinipiga kwa sababu nilichafua mahali palipofagiliwa.

Baada ya hapo Aganze hakulia tena, na hiyo ndiyo iliyonitisha. Alikaa mgongoni kimya kama mzigo wa majani. Sikuendelea kuchambua pamba. Nilikaa kwenye kona na mikono yangu magotini, na Tantine aliponifokea nilimtazama tu. Nilimwona jinsi alivyokuwa: mafuta ya samaki kwenye pembe za mdomo, nyuzi za pamba ya mama zimeganda kwenye nywele zake. Sikumwogopa tena. Alinichukiza, na chuki ya namna ile haina woga.

Mwisho wa benchi alikaa Maman Cibalonza. Kazi yake ilikuwa kuwatia wanyama macho. Hakuwa na mume tena, na mtoto wake wa pekee, binti, alikuwa amefariki akiwa bado mdogo. Wenzake walimkwepa kidogo kwa sababu alinuka: hakuwa na maji kwake, jioni aliuza samaki na makala, yaani mkaa, na kiunoni alifunga siku zote kikwembe kimoja cha kijani alichombebea binti huyo, kilichokuwa cheusi kwa jasho. Mimi pia nilimkwepa. Siku hiyo aliweka sindano chini na kuniita.

“Leta mutoto.”

“Tantine amekataza kusimama.”

“Tantine yako ni nani? Leta mutoto.”

Alifungua kile kikwembe kiunoni, akamweka Aganze mgongoni mwake, akakifunga. Akarudi kushona macho. Tantine alisimama mbele yake na mikono kiunoni.

“Cibalonza, unataka kumuambukiza harufu?”

“Ndiyo, njo nataka kabisa,” Maman Cibalonza akajibu, bila kuinua kichwa. “Mutoto hajue mutu kwa jina, anamujua kwa harufu. Ile yake mumeiuza na nguruwe. Sasa nitamupa yangu. Sogea, unanifungia mwanga.”

Alimbeba hivyo kila siku ya kazi, kutoka asubuhi hadi kufunga mlango, na jioni nilimchukua nikiwa nimeziba pumzi. Aganze alianza kumnusa. Siku moja niliona ameshika ncha ya kijani na kuitia mdomoni. Kesho yake alikunywa uji, kikombe kizima, na akalala, usingizi wa jasho, mate yakimtiririkia mgongoni Maman Cibalonza. Akina mama waliacha kuongea ili asiamke. Hata Tantine alitembea polepole, na hilo nalo lilinichukiza, kwa sababu sikutaka awe na lolote zuri.

Ndipo Maman Cibalonza akakifungua kile kikwembe na kunipa.

“Kaa nayo. Usiifue mpaka atembee.”

“Maman, ni ya mutoto wako.”

“Mutoto wangu hana haja ya kubebwa tena.” Alijifunga gunia kiunoni, akashika sindano. “Lakini sikiliza, Nsimire. Siku moja miguu yangu itakataa. Huyu njo atanibeba. Haiko weye, haiko Riziki. Yeye.”

Kwetu mbeleko haiendi nje ya ukoo. Inatoka kwa mama kwenda kwa binti, na mwanamke akiitoa kwa mtoto wa mwingine, mtoto huyo anabaki na deni la mgongo. Halilipwi na mwingine. Niliitikia kwa niaba ya mtoto ambaye hakuwa na meno. Kisha nilimbeba Aganze miezi mingi katika kitambaa kilichonuka samaki, makala na jasho la mtu asiye wa kwetu, nikitembea Cimpunda yote huku wasichana wa umri wangu wakiziba pua. Alinenepa humo.

Tulimwacha Tantine nilipopata nguvu za kupanga chumba. Riziki ameolewa. Aganze ni kijana mrefu, anauza simu mjini, ana mashati ya kupigwa pasi na marashi unayoyasikia kabla hajafika.

Maman Cibalonza anaishi kijijini Miti kwa mpwa wake, katika chumba cha nyuma. Miguu ilikataa kama alivyosema. Kila Jumamosi ninapanda kwenda kumwosha. Ana vidonda mgongoni, na harufu ya chumba hicho inakupokea barabarani. Sitadanganya kwamba nimeizoea. Anaomba jambo moja tu. Kaburi la binti yake liko juu kilimani, mahali ambapo pikipiki haifiki, na anataka kufika hapo angali anaona. Nilijitolea kumbeba mimi. Alikataa.

“Mugongo yako ilishamaliza kazi. Aganze iko wapi?”

Nilimpeleka Aganze mara moja. Alisimama mlangoni, mkono puani, akaweka sabuni na juisi kwenye kizingiti, akarudi kwenye pikipiki yake. Maman Cibalonza alikuwa ameshainua mikono ili ashikwe. Nilikimbia nyuma ya Aganze mpaka barabarani.

“Yaya, siwezi,” aliniambia mimi dada yake mkubwa. “Ule muzee ananuka. Nitalipa vijana bamubebe.”

“Weye ulilala ndani ya ile harufu.”

“Nilikuwa mutoto. Sikumbuke.”

“Mimi ninakumbuka.”

Aliwasha pikipiki. Marashi yake yalibaki hewani baada ya vumbi kutua, matamu, ya bei, na nikasikia kichefuchefu kilekile cha mlangoni siku ya wageni. Sikudhani kama ndugu yangu mwenyewe angeweza kunitia hali hiyo.

Jumamosi hii nimekwenda tena. Nilipofungua mlango alikuwa ameelekeza uso huko.

“Amefika?”

“Bado, Maman.”

“Mvua ya kilima ikianza, njia itateleza.”

“Nimemuambia.”

“Basi nigeuze,” akasema. Nikamgeuza upande wa pili, nikakamua kitambaa, nikaendelea kumwosha.